Geuza Picha Kwanza: Wanayodhani Watu Kuhusu Taasisi ya Historia ya Sanaa

Ujumbe uliingia Jumapili saa tatu usiku. Picha ya simu, imepigwa sebuleni, mwanga wa balbu umegonga kioo cha fremu na kufuta nusu ya uso wa mzee aliyevaa kofia ya chuma inayong'aa. Chini yake maneno matatu: "Mwanangu, bei gani?"

Aliyeandika ni mama mmoja wa Moshi. Marehemu mume wake aliachiwa picha hiyo na setla aliyekuwa akimfanyia kazi kwenye shamba la kahawa, na juzi jirani msomi ameitazama akasema bila kusita kwamba ni ya Rembrandt, mchoraji mashuhuri wa Uholanzi wa karne ya 17. Nikamwamkia, nikamwomba anipigie picha ya upande wa nyuma. Jibu lilikuwa la mtu aliyeanza kunitilia shaka: "Nyuma kuna nini? Mzee yuko mbele."

Kazi yangu ni kufuatilia historia ya umiliki wa picha za kale za Kiholanzi: nani aliinunua, mnada upi, mwaka gani, ikapita mikononi mwa nani. Sehemu kubwa ya kazi hiyo naifanyia RKD, Taasisi ya Uholanzi ya Historia ya Sanaa, iliyoko The Hague, pale pale ilipo Maktaba ya Taifa, karibu na stesheni kuu ya treni. Tangu namba yangu ianze kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya ndugu na jamaa, nimesikia mambo kuhusu taasisi hii ambayo nikiyasikia tena nitazima simu. Afadhali niyaandike.

"Wapelekee waitazame tu, watasema orijino au feki, na bei yake"

Hili ndilo linaloniumiza kichwa kuliko yote, kwa hiyo nitakaa nalo.

Watu wanaiwazia taasisi kama duka la sonara. Unaingia na pete, fundi anaiweka kwenye mzani, anaisugua kwenye jiwe, anataja karati na bei, unatoka. Picha haina karati. Hiyo bei tuiweke kando kabisa: anayekadiria bei ni nyumba ya mnada, hiyo ndiyo biashara yake. Na swali la nani aliichora, mtafiti wa historia ya sanaa atakupa maoni. Maoni hayo yana jina la aliyeyatoa na mwaka, na yanawekwa kwenye kumbukumbu pamoja na ya waliomtangulia. Fungua rekodi ya picha yenye utata kwenye hifadhidata ya RKD uone mwenyewe: fulani alisema ni ya bwana mkubwa, mwingine akasema ni ya mwanafunzi wake, wa tatu akasema ni nakala. Maoni yaliyokataliwa hayafutwi. Mteja akiona hivyo hukunja uso: "Sasa mbona hawajui?" Wanajua. Wanajua hata jinsi wenzao walivyokosea, na hilo ndilo lenye faida kwako.

Tazama watu wenyewe ambao taasisi imesimama juu ya karatasi zao. Cornelis Hofstede de Groot, aliyefariki mwaka 1930, alikuwa mmoja wa mabingwa wakubwa wa picha za Kiholanzi wa karne ya 17. Mwaka 1923 aliithibitisha picha ya mpanda farasi anayecheka kuwa ni ya Frans Hals, mchoraji wa Haarlem. Ikauzwa. Wanunuzi wakaingiwa na shaka, picha ikapimwa, ndani yake ikakutwa rangi ambayo Hals, aliyekufa mwaka 1666, hangeweza kuwa nayo. Bingwa alifanya nini? Akainunua mwenyewe, kisha akaandika kijitabu kizima kutetea jicho dhidi ya kemia. Aliyeitengeneza ile picha, Theo van Wijngaarden, alikuwa mshirika wa kijana mmoja aitwaye Han van Meegeren.

Jina hilo la mwisho huenda umelisikia. Mwaka 1937 Van Meegeren alimfikishia Abraham Bredius, kupitia mtu wa kati, picha ya Yesu akiumega mkate Emau. Bredius aliwahi kuongoza makumbusho ya Mauritshuis kwa miaka 20, na wakati huo alikuwa na umri wa miaka 82. Akaitazama, akatangaza kwenye jarida la London kwamba huo ni mchoro wa Vermeer, mchoraji wa Delft wa karne ya 17, tena ulio bora kuliko yote. Makumbusho ya Rotterdam yakainunua kwa zaidi ya gilda 500,000, fedha ya Uholanzi ya wakati huo. Mwaka 1945 Van Meegeren akakamatwa kwa sababu "Vermeer" nyingine ilikutwa kwenye mali ya Göring, kigogo wa Wanazi, na ili asihukumiwe kwa kuuza hazina ya taifa kwa adui akakiri kwamba yeye ndiye mchoraji wa zote. Hawakumwamini hadi alipochora nyingine mbele ya mashahidi. Ndani ya rangi zake wapimaji walikuta gundi ya plastiki ya karne ya 20.

Sasa sikiliza linalonishangaza hadi leo. Huyo huyo Bredius alitumia miaka na miaka kwenye majalada ya mawakili wa Amsterdam, Leiden, Haarlem na Delft, akinakili kila mstari uliomtaja mchoraji: madeni, mikataba ya kodi, orodha za vitu vilivyobaki nyumbani kwa marehemu. Vikaratasi hivyo viko RKD. Vimetimiza zaidi ya miaka 100 na bado tunavitumia, kwa sababu mstari wa wakili unaosema mtu fulani wa Delft alifariki akiwa na picha tatu za fulani hautegemei macho ya Bredius yalikuwa na nguvu kiasi gani siku ile. Jicho lake limezikwa pamoja naye. Karatasi zake ziko kazini.

Kama huamini bado, hesabu Rembrandt. Hofstede de Groot alipoorodhesha picha zake mwaka 1915 alifika karibu 1,000. Bredius mwaka 1935 akataja 630. Horst Gerson, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa RKD, akabakiza 420 mwaka 1968. Kikosi cha watafiti kilichoanza kazi mwaka huo huo kilipofunga hesabu mwaka 2014, zilikuwa chini ya 350. Rembrandt alikufa mwaka 1669, hakuongeza wala kupunguza kitu. Watatu hao ni mabingwa, walisoma, walisafiri, walizishika picha kwa mikono yao. Halafu wewe unanitumia picha ya simu yenye mwanga wa balbu katikati na unataka jibu kabla ya taarifa ya habari.

Hivi ndivyo kazi inavyokwenda. Geuza picha. Nyuma ya mchoro wa kale ni kama pasipoti iliyopigwa mihuri: namba iliyoandikwa kwa chaki, nta yenye nembo ya mkusanyaji, karatasi ya maonyesho iliyochanika nusu, namba nyeusi iliyopigwa na nyumba ya mnada ya Christie's ya London. Kila alama ni mlango. Ukiwa na alama ya mkusanyaji, mtafiti Frits Lugt alichapisha kamusi ya alama hizo mwaka 1921. Ukiwa na fununu ya mnada, huyo huyo Lugt alianza mwaka 1938 kuchapisha orodha ya katalogi za minada kuanzia mwaka 1600, kila moja na namba yake, na hadi leo tunazitaja kwa jina la Lugt na namba. Unaagiza katalogi. Ukibahatika, aliyekuwepo siku ile aliandika pembeni kwa wino bei iliyofikiwa na jina la mnunuzi. Unahamia mnada unaofuata, ambako mnunuzi huyo amekuwa marehemu na watoto wanauza.

Na pima. Hunipi kipimo, unanipa "kubwa kiasi". Katalogi za karne ya 18 mara nyingi hazina picha, zina jina, maneno machache na vipimo, na vipimo vyenyewe ni vya zamani: futi ya Amsterdam ni sentimita 28.3 hivi na ina inchi 11, si 12. Nimeona watu wazima wakizidisha kwa 12 na kuitupa picha waliyokuwa wakiitafuta. Urefu na upana, bila fremu, kwa sentimita. Ukishindwa yote, nipe hayo, na nyuma.

Jambo moja zaidi kabla sijaondoka hapa, kuhusu hilo neno feki. Kuna ghushi, iliyotengenezwa ili idanganye, kama za Van Meegeren. Kuna nakala, iliyochorwa na mtu aliyetaka kujifunza au aliyelipwa na mteja, bila kumdanganya yeyote. Kuna picha iliyochapwa kiwandani. Hizo mbili za mwisho si feki, na nakala wakati mwingine ni dhahabu. Picha kubwa ya Rembrandt ya walinzi wa usiku ilikatwa pembeni mwaka 1715 ili ienee ukutani kwenye jumba la halmashauri ya Amsterdam, na vipande vikapotea. Tunajua kilichokuwa kwenye vipande hivyo kwa sababu mchoraji Gerrit Lundens aliichorea nakala ndogo kabla haijakatwa. Mwambie Lundens ni feki.

"Sahihi ipo, kwa hiyo imekwisha"

Sahihi huandikwa kwa dakika mbili, na wauzaji wa karne zote wamekuwa na brashi.

Lakini kisa ninachokipenda kinakwenda upande mwingine. Kulikuwa na picha ya mwaka 1630 ya mwanamume na mwanamke wakinywa na kupiga fidla, iliyouzwa kwa fedha nyingi kama kazi ya Frans Hals. Mwaka 1893 Hofstede de Groot, jicho lake likiwa bado kali, aliona pale penye sahihi herufi J na L zikiwa zimefungamana na nyota. Ilikuwa alama ya Judith Leyster, mwanamke aliyekubaliwa kwenye chama cha wachoraji wa Haarlem mwaka 1633 na kusahauliwa kabisa baada ya kufa. Kesi ilikuwa tayari inaunguruma London, ikaishia kwa kupunguza bei. Picha ilipata mwenyewe wa kweli, na kwa ukweli huo thamani ikashuka! Leo iko makumbusho ya Louvre, Paris, na makumbusho yenye majina yanagombea kazi za Leyster. Kwa hiyo unaponiuliza "ya kweli" na "bei" kwa pumzi moja, ujue ni maswali mawili, na mara nyingine hayasalimiani. Binti mwenye hereni ya lulu wa Vermeer aliuzwa mnadani The Hague mwaka 1881 kwa gilda mbili na senti 30.

"Ni makumbusho ya serikali, wana picha zao"

Usipange safari ya kwenda kutazama michoro RKD. Utakuta meza, taa, vitabu, katalogi na masanduku ya picha za kamera zilizobandikwa kwenye kartoni. Michoro iko Mauritshuis, umbali wa kutembea. Chumba cha kusomea kiko wazi kwa mtu yeyote. Nenda na penseli, kalamu ya wino utaambiwa uirudishe mfukoni.

Wala haikuanza kwa waziri kukata utepe. Ilianza kwa watu wenye ugonjwa wa kukusanya. Hofstede de Groot aliiachia serikali urithi wa picha za kamera na nakala zipatazo 100,000 pamoja na kadi zake. Lugt, aliyekuwa amefanya kazi kwenye nyumba ya mnada Amsterdam tangu ujana, akatoa maktaba yake ya katalogi, maelfu kwa maelfu. Milango ikafunguliwa mwaka 1932. Serikali ilichofanya ni kukubali mzigo na kuutafutia paa, jambo ambalo, kwa kweli, si dogo. Nimeona urithi wa namna hiyo kwetu ukiishia kufungia maandazi.

"Siku hizi yote yako mtandaoni, masanduku ya nini?"

Hii husemwa na vijana, kwa huruma, kana kwamba wananifahamisha kuwa simu imevumbuliwa.

Yaliyoko mtandaoni ni mengi na ni ya bure: rekodi za wachoraji, rekodi za picha, historia ya nani alisema nini. Anzia huko, nami huanzia huko. Lakini kilichoingizwa ni sehemu tu ya mamilioni ya picha za kamera zilizomo masandukuni. Na kartoni moja ina vitu viwili: picha iliyobandikwa, na maandishi ya penseli pembeni yake ya watu waliokuwa wakibishana miaka 60 iliyopita, kila mmoja kwa mwandiko wake, mwingine ametia alama ya kuuliza tu. Alama hiyo ya kuuliza imewahi kunipa wiki tatu za kazi na jibu mwishoni.

Kingine: picha nyingi za nyeusi na nyeupe ndizo pekee zilizobaki za michoro iliyoungua vitani au iliyopotea. Nyingine zilipigwa kabla fundi hajausafisha mchoro, kwa hiyo zinaonyesha ndevu au mbwa ambaye leo hayupo. Ukiiona picha ya rangi iliyo safi mtandaoni, hiyo ni hali ya leo. Mimi nataka hali ya mwaka 1925.

Na kutafuta kwa neno moja hakukufikishi mbali. Henri van de Waal wa Leiden alibuni mfumo wa namba wa kuainisha kilichochorwa, uitwao Iconclass, ambamo 7 ni Biblia, 9 ni visasili vya Wagiriki na Warumi, na wanyama wala nyama wanakaa chini ya 25F23. Mteja anayeandika "mzee mwenye huzuni" kwenye kisanduku cha kutafutia hujikuta amezungukwa na mitume, wafalme na watoza ushuru.

Niongeze la vita, maana vijana hawalijui. Jacques Goudstikker, mfanyabiashara wa picha wa Amsterdam, alikimbia Wajerumani Mei 1940 na kufa usiku kwa kuanguka kwenye shimo la mizigo melini. Mfukoni alikuwa na daftari dogo jeusi lenye orodha ya picha zaidi ya 1,100. Mali yake ikaishia kwa Göring na wenzake. Mwaka 2006 serikali ya Uholanzi iliirudishia familia picha 202, na lile daftari lilikuwa miongoni mwa ushahidi. Daftari, si skani.

"Hayo ni mambo ya Wazungu, yanatuhusu nini?"

Nenda Mauritshuis uwatazame wanaume wawili Waafrika waliochorwa na Rembrandt mwaka 1661, mmoja ameegemea bega la mwenzake. Picha hiyo ilikuwa mali ya Bredius. Kwa muda mrefu watu walidhani Rembrandt aliwatoa kichwani. Watafiti waliorudi kwenye vitabu vya ndoa na mazishi na majalada ya mawakili wa Amsterdam wamewakuta watu weusi wakiishi mtaa ule ule wa Rembrandt, wakioana, wakisimamiana ubatizo, wakizikana. Majina yao yameandikwa. Sitaki kusema zaidi, nikiulizwa tena hili nitamtumia muulizaji picha hiyo bila maneno.

Turudi Moshi. Baada ya wiki mbili mjukuu wake alichukua simu, akaishusha picha ukutani, akaigeuza. Kadibodi. Misumari midogo yenye kutu, utando wa buibui, na karatasi ya duka la fremu iliyobaki na herufi nne. Nikamwomba asogeze kamera kwenye ndevu za mzee hadi karibu kabisa. Vidoti: vyekundu, vya bluu, vya njano, vimepangana kama chembe za mtama. Ilichapwa kiwandani.

Mzee mwenyewe nilimtambua tangu usiku ule wa kwanza, sikusema. Ni mtu mwenye kofia ya dhahabu, ambaye mchoro wake uko Berlin, na nakala zake za kuchapwa zilining'inia kwenye sebule nyingi mno za Ulaya. Lakini upande wa mbele hunieleza tu ni sura ya nani. Kitu chenyewe kilichoko ukutani, kama ni turubai, ubao au karatasi, naelezwa na upande wa nyuma, na watu wamewahi kumchora mzee huyo kwa rangi za mafuta pia.

Nikampigia mama, nikamweleza polepole. Akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo ya Rembrandt iko Berlin?"

Nikamwambia hapana, mama. Tangu mwaka 1985 Berlin wenyewe wamesema si ya Rembrandt.

Akacheka hadi nikasikia mjukuu akiuliza kuna nini. Kisha akauliza: "Na fremu je?"

Fremu ni ya mvule, mama. Hiyo usiitoe.